Hongera, Wapiga Picha wa Taa ya Njano

Hongera zenu, wapiga picha wa kamera za filamu wa Kitui na Makueni, mliothubutu kupiga picha giza likiingia. Kamera kama Yashica Electro 35, iliyotoka Japani mwaka 1966, ilipima mwanga yenyewe na kuacha shata wazi hata sekunde 30. Taa yake ya njano ya kuonya kuwa mwanga ni hafifu ikiwaka, kamera iwekwe kwenye stendi ya miguu mitatu, na bibi harusi asitikisike! Ila mashine haikujua kwamba filamu huchoka gizani na kudai mwanga zaidi ya uliopimwa. Dawa ni kushusha namba ya ASA (kasi ya filamu) kwa makisio. Betri ikifa, shata ilifunguka 1/500 ya sekunde tu, picha nyeusi tititi. Simu za leo huung'arisha usiku wa Ukambani mpaka ukafanana na adhuhuri. Mimi nazitaka picha zenu.