Mkono Utulie, Udongo Uzunguke

Waumini wa kwetu Kimulot, penye mashamba ya chai, wamemsikia mfinyanzi wa Yeremia, sura ya 18, mara nyingi kuliko walivyowahi kumwona akifanya kazi. Biblia ya Kiswahili inataja magurudumu, kwa wingi, na wingi huo una maana: la chini, zito, hupigwa kwa mguu, la juu hubeba udongo, mhimili mmoja umeyaunga. Chungu cha mboga cha mama mkwe, kile kilichotoka kwa wafinyanzi wa Kijaluo huko nyanda za chini, hakikupandishwa juu ya lolote kati ya hayo mawili.

Kwanza udongo. Huu mwekundu wa mashamba ya chai hudanganya macho, maana ukiufinya unameguka punje punje. Wa kufinyangia hutafutwa bondeni, kando ya kijito. Viringisha ujiti wake, uuzungushe kidoleni, usipopasuka, chukua. Kisha ukande kama unga wa chapati mpaka hewa yote itoke.

Kwenye gurudumu, donge hubamizwa katikati, na hapo ndipo wanagenzi wengi hushindwa. Wao huufukuza udongo kwa mikono. Fundi hubana viwiko mapajani, mkono ukawa kama mwamba, udongo wenyewe ukajirekebisha. Likishatulia, donge huonekana kana kwamba limesimama. Kidole gumba hulifungua, kitako hugandamizwa (ukikiacha hivi hivi, kitapasuka kikikauka), kisha vidole vya ndani na vya nje hukutana chini na kuupandisha ukuta. Mdomo ukipanuka, mwendo upunguzwe: ukingo hukimbia kuliko kitako, na udongo hutupwa nje. Maji nayo kidogo tu. Kwa mvua zetu za alasiri, ukuta uliolowa hulala chini kabla haujakauka.

Mwanamke anayefinyanga kwa mkono huketisha chungu juu ya kigae, akakigeuza polepole au akakizunguka yeye mwenyewe, akipandisha kamba juu ya kamba. Wapo wanaosema amekosa mashine tu. Sikubaliani nao. Gurudumu lataka udongo laini, kwa kuwa changarawe huchuna viganja. Chungu cha mafiga chataka kinyume chake: mchanga, au vigae vilivyosagwa, kwani chembe hizo huzuia ufa usisambae moto unapokipiga tumboni. Bakuli laini la gurudumu utalinywea uji vizuri, usilitie mafigani.

Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, 1950, alizijua njia zote mbili, ya gurudumu na ya mkono. Miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye karakana iliyoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na magurudumu yalikuwapo. Akavutwa na wanawake wa Kigwari waliojenga vyungu kwa mkono. Vyombo vyake vilivyomletea sifa Uingereza hujengwa kwa kamba za udongo, hukwanguliwa, hung'arishwa. Na vingine shingo zake huegemea upande, mwinamo ambao gurudumu lisingempa.