Vioo Viwili Ndani ya Bomba

Wanaoikuta darubini ya zama za matanga kwenye kabati la makumbusho husifu shaba yake inayong'aa na mti wa mahogani uliokolea rangi kama kahawa. Mimi huenda mbele, penye kioo. Jina tumelipata kwa Waajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Fundi wake, hata hivyo, maisha yake yote aliyamaliza akitazama kitu kilichokuwa shibiri moja kutoka puani.

Darubini za mwanzo zilikuwa na ila. Kioo kimoja huupinda mwanga wa bluu kuliko mwekundu, kwa hiyo kila mlingoti wa mbali ulivikwa pindo la rangi. Dawa ilikuwa kulirefusha bomba. Na bomba refu mno, baharia angelishikaje juu ya sitaha inayoyumba?

Chester Moor Hall, mwanasheria wa Uingereza, alilipata jibu karibu na mwaka 1730. Aliunganisha vioo viwili: kimoja cha kawaida, kilichotuna katikati, na kingine chenye madini ya risasi, kilichobonyea. Ila ya hiki ikafutwa na ila ya kile. Inasimuliwa kwamba, kwa kuilinda siri, aliagiza kila kioo kwa karakana yake. Karakana zote mbili, bila kujuana, zikaipeleka kazi kwa fundi yuleyule, George Bass, naye akang'amua kuwa mteja ni mmoja. Siri gani tena hiyo!

Aliyepewa hataza, mwaka 1758, ni John Dollond, mfumaji wa hariri wa Spitalfields, London, aliyekiacha kitanda cha mfumi akajiunga na karakana ya mwanawe, Peter. Hilo halinishangazi. Kioo kilisuguliwa kwa maji na unga wa msasa, kwanza wa chenga, kisha laini, kisha laini zaidi, mwishowe kikang'arishwa juu ya lami. Kazi hiyo humtaka mtu aliyekwisha kuzoea kuhangaikia uzi mmoja.

Hata mabomba ya shaba yanayoingiana yana adabu yake: yakilegea, taswira inacheza, yakikaza, meli ya adui haingoji.

Ukibahatika kuishika moja, iinamishe kidogo mbele ya taa. Ndani ya kioo utaona mwako wa taa si mmoja. Kila uso unarudisha wa kwake.