Ukiona Vyaelea: Mwongozo wa Kupima Kazi ya Hisabati

Chukua namba yoyote kuanzia 0. Izidishe kwa yenyewe, jumlisha na namba ileile, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 unapata 41. Namba 1 inakupa 43, namba 2 inakupa 47, namba 3 inakupa 53. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Endelea hadi 10, hadi 20, hadi 39: kila jibu ni namba tasa. Mara 40 mfululizo kanuni hii haikosei. Ukifika 40, jibu ni 1681, ambayo ni 41 mara 41. Kanuni imevunjika.

Huu ndio mfano ninaoanza nao kila ninapoulizwa kazi nzuri ya hisabati hutambulikaje. Kwingineko, jambo likitokea mara 40 bila kukosea, watu huliamini na kujenga juu yake. Katika hisabati mifano 40 haitoshi, wala milioni haitoshi. Kinachotakiwa ni uthibitisho, na thibitisho hazilingani kwa ubora. Ulio bora kabisa hukufikisha mahali ambapo unaona kwa macho yako kwa nini jambo haliwezi kuwa vinginevyo. Kuutambua si lazima uwe na shahada. Unahitaji kujua pa kutazama.

Anza na kauli yenyewe

Kabla ya uthibitisho, soma kinachodaiwa. Kauli nzuri ni wazi, na ingeweza kuwa uongo. Mwaka 2013 Yitang Zhang, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New Hampshire nchini Marekani ambaye hakuwa na jina kubwa, alithibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa zinazopishana kwa chini ya 70,000,000. Hata mwanafunzi wa sekondari anaielewa kauli hiyo.

Anayesoma kwa mara ya kwanza huishangaa ile milioni 70 na kuiona kubwa mno, kwa kuwa shabaha ya wanahisabati ni kufika 2. Mjuzi hutazama alikotoka Zhang: kabla yake hakuna aliyeweza kuthibitisha kikomo chochote kile. Umbali kutoka kutokuwa na kikomo hadi milioni 70 ni mkubwa kuliko umbali kutoka milioni 70 hadi 2. Na kweli, mlango ulipofunguka wengine waliingia. James Maynard alikuja na njia yake mwenyewe akafika 600, na mwaka 2014 kundi la watafiti walioshirikiana hadharani wakashuka hadi 246. Kazi bora huwaachia wenzako kazi ya kufanya.

Tafuta kiungo

Fundi wa milango akikagua fremu haanzi na nakshi. Anatazama pale miti miwili inapoungana. Katika uthibitisho pia pana mahali pamoja, pengine sentensi moja tu, panapobeba mzigo wote. Msomaji mzoefu hupatafuta mapema.

Tazama kazi ya Hao Huang ya mwaka 2019, alipokuwa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Fikiria mchemraba wa kawaida wenye kona 8. Unaweza kuchagua kona 4 bila mbili zozote kuwa jirani, yaani kuwa ncha mbili za ukingo mmoja, ukirukaruka kama miraba myeusi ya ubao wa drafti. Ongeza ya tano, na hapo huna ujanja: vyovyote utakavyozipanga hizo 5, itakuwapo angalau moja yenye majirani 2 waliochaguliwa. Huang alithibitisha kwamba hali hii inaendelea katika michemraba ya vipimo vyovyote. Ukichagua zaidi ya nusu ya kona za mchemraba wa vipimo n, mojawapo itakuwa na majirani waliochaguliwa wasiopungua kipeuo cha pili cha n.

Tangu mwaka 1992 ilijulikana, kutokana na kazi ya Craig Gotsman na Nati Linial, kwamba jibu la swali hili la kona lingejibu pia swali zito la sayansi ya kompyuta: badiliko la tarakimu moja tu ya kinachoingizwa kwenye kompyuta lina nguvu gani ya kugeuza jibu zima? Wataalamu walihangaika nalo kwa karibu miaka 30. Huang aliandika jedwali linaloonyesha kwa 1 kona zilizo jirani na kwa 0 zisizo jirani, akageuza baadhi ya 1 kuwa −1 kwa mpangilio maalumu. Jedwali hilo likizidishwa kwa lenyewe, kila kitu kinafutana, isipokuwa namba n zinazobaki kwenye mshazari. Hapo ndipo kipeuo kinapozaliwa. Makala yote ni kurasa chache tu. Lakini usiisifu kwa ufupi wake. Isifu kwa sababu ukiziondoa zile alama za kutoa jengo zima linaanguka, na ukizirudisha linasimama.

Jiulize: nimeelewa, au nimeshindwa kubisha?

Weka kete moja mezani. Izungushie kete 3 upande wa kulia na wa chini, unapata mraba wa 2 kwa 2. Zungushia 5, unapata mraba wa 3 kwa 3. Kila ukanda mpya unauzidi uliotangulia kwa kete 2, moja kila ncha. Basi namba witiri zikijumlishwa kwa mfuatano kuanzia 1, daima hutoa mraba kamili. Hapo hujashindwa kubisha tu. Umeelewa, na kesho unaweza kumweleza mtoto.

Sasa linganisha kazi mbili kuhusu kupanga matufe. Mwaka 1611 Johannes Kepler alidai kwamba hakuna mpango unaobana matufe kuliko ule wa muuza machungwa sokoni, ambao hujaza takriban asilimia 74 ya nafasi. Mwaka 1998 Thomas Hales, akisaidiwa na Samuel Ferguson, alitangaza uthibitisho: mamia ya kurasa pamoja na mahesabu marefu ya kompyuta. Wahakiki 12 walihangaika nao kwa miaka, wakasema wana hakika kwa asilimia 99. Mwaka 2016 Maryna Viazovska alijibu swali hilohilo katika vipimo 8 kwa makala fupi. Henry Cohn na Noam Elkies walikuwa wameonyesha kwamba ikipatikana fomula moja yenye sifa fulani, swali litakwisha. Viazovska akaitengeneza. Mwaka 2022 alipewa Nishani ya Fields.

Kazi zote mbili ni za kweli. Ya Hales inakushinda kwa wingi wa hali ilizozikagua moja baada ya nyingine. Ya Viazovska inakupa ufunguo mmoja unaoingia kwenye kufuli.

Tazama ufa ulivyozibwa

Hata hivyo, nampa Hales heshima kubwa, na sababu yake ni kipimo cha nne. Hakuridhika na ile asilimia 99. Kuanzia mwaka 2003 yeye na wenzake waliuandika upya uthibitisho wote kwa lugha ambayo kompyuta inaweza kuukagua hatua kwa hatua, na Agosti 2014 wakamaliza. Andrew Wiles naye alitangaza uthibitisho wa dai maarufu la mwanahisabati Fermat huko Cambridge mwezi Juni 1993. Katika uhakiki likaonekana pengo. Hakulifunika kwa maneno. Alifanya kazi zaidi ya mwaka, akisaidiwa na Richard Taylor, hadi likazibika Septemba 1994. Anayekuonyesha palipokuwa na ufa anastahili kuaminiwa kuliko asemaye kazi yake haijawahi kupasuka.

Hisabati ya matumizi: kagua dhana za mwanzo

Hesabu inapohusu ugonjwa, mvua au soko, uthibitisho peke yake hautoshi. Hapo anza na yale yaliyochukuliwa kuwa kweli tangu mwanzo. Mfano bora naupata kwenye malaria. Ronald Ross alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kumaliza mbu wote: wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia wenyewe. Katika miaka ya 1950 George Macdonald akaongeza jambo zito zaidi. Kimelea kinahitaji siku 10 hivi ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Ikiwa mbu 90 kati ya 100 wanavuka kila siku wakiwa hai, baada ya siku 10 wanabaki takriban 35. Wakivuka 80 kila siku, wanabaki 11 tu. Punguzo dogo la uhai wa kila siku linakata wazee, na wazee ndio wenye hatari. Ndiyo maana chandarua chenye dawa ya kuua mbu kinamlinda hata jirani asiyelala ndani yake.

Hesabu hiyo ni nzuri kwa sababu dhana zake ziko hadharani. Inachukulia kwamba mbu kijana na mbu mzee wana uwezekano sawa wa kufa, na unaweza kwenda nyanjani kuipima dhana hiyo. Modeli inayoficha dhana zake, au isiyosema ni matokeo gani yangeikanusha, iache hata kama michoro yake inapendeza.

Neno kwa msomaji

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Utakaposikia tena kwamba wanahisabati wamegundua jambo, usiishie kwenye kichwa cha habari. Tafuta kauli, tafuta kiungo, jiulize kama umeelewa, angalia nyufa zilivyozibwa na dhana zilizowekwa msingi. Chukua kalamu ujaribu mfano mdogo kabisa: kona 8, kete 9, mbu 100. Na ukiwa mwalimu, mwanafunzi akikuuliza "kwa nini?", usimjibu kwamba kanuni ndivyo ilivyo. Swali lake ndilo kipimo cha kwanza cha ubora.