Fumbo na Uwazi katika Ghani za Mr. II

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umelipa fumbo daraja ya juu. Mshairi bora amehesabiwa kuwa yule asemaye kwa mafumbo, na kusema waziwazi kumeachiwa hotuba na magazeti. Makala haya yanakusudia kuupima msimamo huo kwa kuzitazama kazi za Joseph Mbilinyi wa Mbeya, ajulikanaye kwa majina ya II Proud, Mr. II na Sugu, mmoja wa waasisi wa muziki wa kufokafoka nchini Tanzania. Hoja yetu ni kwamba uwazi wake ni mbinu iliyoteuliwa kwa sababu maalumu, na yafaa ihakikiwe kama mbinu.

2. Chimbuko

Sanaa hii ilianza Bronx, jijini New York, mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 ikawafikia vijana wa Tanzania kwa njia ya kanda. Waghani wa mwanzo walighani zaidi kwa Kiingereza. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliutwaa wimbo wa Vanilla Ice uitwao "Ice Ice Baby", akautia maneno ya Kiswahili, akashinda mashindano ya Yo Rap Bonanza. Kazi hiyo ilithibitisha kuwa Kiswahili chaweza kuyafuata mapigo ya rapu, ingawa lahani ilikuwa ya kuazima.

Mbilinyi alikwenda mbele ya hapo. Majina ya kanda zake yanaonyesha mwendo wa fikira: *Ni Mimi* (1995), *Ndani ya Bongo* (1996), *Niite Mr. II* (1998) na *Nje ya Bongo* (1999). Nafsi inajitaja, kisha inataja mahali inaposimama. Kuanzishwa kwa redio za watu binafsi, Radio One ikiwa mojawapo mwaka 1994, kuliipa sauti hiyo hadhira pana.

3. Fani

Sheikh K. Amri Abedi, katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954), aliweka mizani na vina kuwa nguzo za shairi. Baada ya *Kichomi* cha Kezilahabi (1974) wataalamu waligawanyika kati ya waliozishika nguzo hizo na waliotaka mshairi awe huru kuziacha. Ghani za Mr. II haziingii barabara katika kambi yoyote. Mizani haihesabiwi, lakini vina vimebaki. Na kipimo cha mshororo ni pigo la ngoma.

Badiliko hili lina matokeo ya kiisimu. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika shairi la kimapokeo, "kazi" na "ngozi" zatosha kuwa kina, kwa kuwa zote zaishia "-zi". Katika ghani, pigo likiiangukia silabi yenye mkazo, sikio hudai zaidi: "kazi" itafutiwe "ngazi". Kwa hiyo kina cha mghani kinaweza kuwa kigumu kuliko cha malenga. Hata hivyo, viambishi vya vitenzi humpa mghani njia ya mkato, na baadhi ya ghani za kipindi hicho zinaegemea mno miishio ya "-ana" na "-isha". Hapo kina huwa kazi ya sarufi zaidi kuliko ya msanii.

4. Maudhui

Wimbo "Hali Halisi" (1998) unajitambulisha kwa jina lake. Unazungumzia ugumu wa maisha ya vijana na ahadi za wanasiasa, bila kuficha. Je, kutoficha huko ni udhaifu?

Tuulinganishe na mfano mashuhuri wa fumbo. Mapokeo ya mwambao humweka Fumo Liyongo katika nchi ya Ozi na Shaka, kwenye delta ya mto Tana, mto ukishapita Garsen. Akiwa kifungoni, Liyongo alimtuma kijakazi Saada kwa wimbo: mama yake aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Wimbo ule ulikuwa na hadhira mbili. Walinzi walipaswa wausikie wasiutambue. Mama alipaswa autambue. Fumbo lilidaiwa na hali hiyo, na bila hiyo lisingekuwa na kazi.

Hali ya Mr. II ni kinyume. Hadhira yake ni vijana wa mitaani, wengi wao wakiwa na lugha nyingine ya nyumbani, nao wanaolaumiwa wanatakiwa waelewe vilevile. Hakuna wa kufichwa. Kwa hadhira ya namna hiyo, fumbo lingekuwa pambo tu.

Uwazi nao una gharama zake. Mbilinyi alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Februari 2018 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi mitano kwa kumtusi Rais. Akatoka Mei mwaka huohuo. Maneno yaliyomfunga yalikuwa ya mkutano wa hadhara, si ya wimbo, na mhakiki hana budi kutenganisha hayo mawili. Lakini msikilizaji hayatenganishi kabisa: uzito wa neno la wazi hupimwa pia kwa kile ambacho msemaji yu tayari kulipa.

Gharama nyingine ni ya kisanaa. Wimbo unaotaja shida moja baada ya nyingine huweza kugeuka orodha. Pale Mr. II anaposema kama shahidi, kwa nafsi ya kwanza, orodha hupata uhai; anapohutubia tu, hukauka.

5. Hitimisho

Tumeonyesha kuwa fumbo na uwazi ni mbinu mbili zinazojibu hadhira mbili, na kwamba kuipa moja daraja ya kudumu juu ya nyingine ni kuhukumu kabla ya kusikiliza. Liko pia jukumu la kivitendo. Utendi wa Liyongo tunao kwa sababu mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa aliuandika. Ghani za miaka ya 1990 zimo katika kanda za kaseti, na kanda huoza. Idara zetu za Kiswahili zikingoja mpaka ghani hizo zikubaliwe kuwa ushairi, huenda zikakubali kitu kisichoweza tena kusikika.