Mechi 14, bao 1: je, tulimhukumu Samatta kwa haki?

Juzi nilikuwa Himo, pale njia panda, nasubiri gari la kupandisha Marangu. Pembeni yangu vijana wawili walikuwa wanabishana kuhusu vikosi vyao vya Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mmoja alitaka kumnunua mshambuliaji anayetokea benchi, kisa bei yake ni ndogo na wiki iliyopita katupia. Mwenzake akamkata: "Umesahau ya Samatta? Sote tulimnunua. Mechi 14, bao moja. Alifeli yule." Wakacheka, mjadala ukaisha.

Takwimu yake iko sahihi. Hukumu yake ndiyo inanipa shida. Na niungame mapema: Februari 2020 nami nilimnunua Mbwana Samatta, nikampa na unahodha ili pointi zake zihesabiwe mara mbili. Kwa hiyo naandika kama mtu aliyeumia.

Tulikuwa tunanunua nini?

Turudi nyuma kidogo. Msimu wa 2018/19 Samatta alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji. Novemba 2019 akaifunga Liverpool pale Anfield kwenye Ligi ya Mabingwa. Tarehe 1 Januari 2020 Wesley, mshambuliaji wa Aston Villa, akaumia goti vibaya, na tarehe 20 mwezi huohuo Villa wakamsajili Samatta. Mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, akafunga. Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi Kuu ya Uingereza! Nani angebaki na akili timamu siku ile?

Hapo ndipo tulipokosea. Bao moja katika mechi moja ni sampuli ndogo kuliko zote. Ni sawa na kuonja kahawa kikombe kimoja halafu ukatangaza bei ya mavuno ya Kilimanjaro nzima.

Fantasy inapima nini hasa?

Kwenye Fantasy, mchezaji akicheza chini ya dakika 60 anapata pointi 1. Akifika 60 au zaidi, pointi 2. Bao la mshambuliaji lina pointi 4. Sasa chukua mshambuliaji mwenye wastani wa bao 0.3 kwa kila dakika 90. Akicheza mechi nzima, tutegemee 0.3 × 4, yaani 1.2, jumlisha 2: pointi 3.2. Mtu huyohuyo akiingia dakika 20 za mwisho, mabao yake yanayotarajiwa yanashuka hadi kama 0.07. Pointi zake zinakuwa takriban 1.3 tu.

Mguu ni uleule na kipaji ni kilekile, ila thamani imepungua kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana mchezaji wa benchi ni rahisi kumnunua na ni ghali kumtegemea: unachonunua kwanza ni dakika, mabao yanafuata.

Kuna kasoro nyingine kubwa zaidi. Tarehe 1 Machi 2020 Samatta alifunga kwa kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, lakini nchi nzima ilisimama. Fantasy ilimpa pointi ngapi? Sifuri, kwa sababu inahesabu mechi za Ligi Kuu pekee. Kipimo kisicholiona bao kama lile kina haki ya kuendesha mchezo wetu wa wikiendi. Hakina haki ya kutuambia mtu amefeli.

Haya, twende kwenye hesabu

Mabao ni matukio adimu, na matukio adimu yana hesabu yake: mtawanyo wa Poisson, kwa jina la mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 19. Mechi 14 zile hakuzicheza zote mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo tukadirie kwamba dakika zake zilitosha mechi 10 kamili. Swali: mshambuliaji wa kiwango fulani ana uwezekano gani wa kumaliza mechi 10 akiwa na bao 1 au bila bao kabisa?

– Wa bao 0.5 kwa mechi (mkali kweli): asilimia 4.
– Wa bao 0.3 (mzuri): asilimia 20.
– Wa bao 0.2 (wa kawaida): asilimia 41.

Soma hizo namba bila ushabiki. Zinatuambia kwamba huenda hakuwa mfungaji wa bao 0.5 katika timu ile, wakati ule. Sisi tuliompa unahodha tulie tu. Lakini pia washambuliaji wazuri watano wakipitia kipindi kama kile, mmoja wao atatoka na bao moja au mikono mitupu, kwa bahati tu. Data hii haitofautishi "mzuri mwenye bahati mbaya" na "wa kawaida".

Na timu ile! Villa walifunga mabao 41 katika mechi 38, wakanusurika kushuka kwa pointi moja. Katikati ligi ikasimama kwa miezi mitatu kwa sababu ya korona, ikarejea Juni. Mshambuliaji hajipikii nafasi mwenyewe.

Kwa nini nakomaa na hili

Kwa sababu hukumu ya "alifeli" haimgusi Samatta peke yake. Yeye alishatoka huko. 2024 alikuwa na PAOK ilipotwaa ubingwa wa Ugiriki. Inamgusa kijana anayefuata, ambaye atapewa dakika 20 hapa, 15 pale, kisha mtu afungue jedwali na kusema wachezaji wa huku tumeshawaona.

Kwa hiyo, kijana wa njia panda, ushauri wangu wa Fantasy ni huu: mchezaji wa benchi mnunue kama tu una sababu ya kuamini dakika zake zitaongezeka, kwa mfano anayeanza mbele yake kaumia. Bao la wiki iliyopita si sababu. Na siku ukitaka kumhukumu mtu, uliza kwanza alicheza dakika ngapi.