Uso wa Padri Merrin

Mwaka 2004 ilitoka Exorcist: The Beginning, filamu inayosimulia yaliyotangulia The Exorcist ya mwaka 1973. Inamkuta Padri Merrin huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1949, imani imemtoka, akishughulikia kanisa la kale lililofukiwa ardhini. Merrin huyu ni wa makamo, na aliyemwigiza, Stellan Skarsgård, alikuwa amevuka miaka 50. Lakini Max von Sydow, yule Merrin mzee wa 1973 aliyemeza vidonge vya moyo kwa mikono inayotetemeka, alipoigiza hakuwa amefika hata miaka 45. Mzee alikuwa mdogo kuliko kijana wake! Hadithi nzima ya Turkana imejengwa juu ya uzee ambao mwigizaji hakuwa nao. Aliyeutengeneza ni Dick Smith, msanii wa vipodozi wa Larchmont, New York.

Uzee wa namna hii huanzia kwenye bakuli. Smith alichanganya utomvu wa mpira, poda ya talki, vipodozi vya unga na gelatini iliyoyeyushwa kwa maji ya moto. Chombo hukalishwa ndani ya maji ya moto ili gelatini isigande kabla kazi haijaisha.

Mwigizaji huketi, ngozi ikiwa safi, haina mafuta. Msaidizi hushika ngozi ya pembeni mwa jicho na kuivuta taratibu mpaka ikaze. Msanii huchovya sifongo, hupunguza kilichozidi, kisha hugongagonga juu ya ngozi iliyovutwa. Hapaki kwa kuburuta, kwa kuwa alama za mburuzo huonekana kwenye kamera. Tabaka huwa jembamba mno, na kingo zake hufifia zenyewe. Hewa ya vuguvugu hupulizwa mpaka mpira ukauke, na muda wote huo aliyeshika haruhusiwi kulegeza vidole. Ikifuata poda ya kuzuia mpira usijinate, ndipo ngozi inapoachiwa.

Inaporudi mahali pake, mpira hujikunja pamoja nayo, kama utando wa maziwa yanayopoa. Hapa ndipo heshima yangu kwa Smith inapokuwa kubwa kuliko yote. Mtu mwenye haraka angechora mistari kwa penseli, na uso ungeonekana mzee mpaka mwigizaji atabasamu. Mikunjo hii imetoka katika ngozi yenyewe, inafuata njia ambazo uso ule ungezipitia ukizeeka kweli, kwa hiyo mwigizaji akinena, nayo husogea.

Kisha kope za chini, shavu, mdomo wa juu, paji, shingo. Kila eneo huvutwa upande wake: mikunjo hukaa kukingama na mvuto, na anayevuta vibaya hupata mikunjo ambayo hakuna mzee aliye nayo. Panapotakiwa kina zaidi, tabaka jingine huongezwa, na kuvuta, kukausha na poda hurudiwa. Saa zinapita. Rangi huja mwisho, ya mafuta ya nyonyo, kwa sababu rangi za kawaida hubadilika zikiwa juu ya mpira: wekundu kidogo wa mishipa, hudhurungi ya madoa ya uzee, vitone juu ya vitone.

Sehemu ya mwanzo ya The Exorcist ilipigwa picha Hatra, Iraki, mchana kweupe. Jua halina huruma kwa mpira, tena mwongozaji William Friedkin alisogeza kamera karibu na uso wa von Sydow. Akaonekana mzee aliyechoka, basi.

Smith hakuificha kanuni yake. Enzi hizo wasanii wengi wa vipodozi walifanya siri zao kuwa mtaji, yeye akawaandikia barua vijana waliomuuliza, hatua kwa hatua. Mmoja wao, Rick Baker, alikuja kuwa msaidizi wake katika The Exorcist hiyohiyo, na baadaye akawa mshindi wa kwanza wa Oscar ya vipodozi ilipoanza kushindaniwa.