Springi za Nyuma za Datsun 240Z: Kazi Inayomalizika Gari Likiwa Chini

Katika magari ya mbio yaliyopata kupita katika barabara zetu za vumbi, machache yameacha jina kama Datsun 240Z, gari la Kijapani la milango miwili lenye boneti ndefu na mgongo ulioinama, ambalo mwaka 1971 lilitwaa nafasi ya kwanza na ya pili katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa mbele, na mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Wenye kulisifu gari hili aghalabu huanza na injini yake ya silinda sita, yenye ujazo wa sentimita 2,393 za mchemraba, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini mtu akilala chini yake akatazama jinsi magurudumu ya nyuma yalivyoshikwa, ataona kwamba sehemu kubwa ya ule uvumilivu uliolivusha gari matopeni na maweni ilikuwa humo.

Kila gurudumu la nyuma lina nguzo yake moja iliyosimama wima, ambayo mafundi wetu huiita struti, na ndani ya nguzo hiyo mna shokomzoba, na nje yake imezungushwa springi ya koili, na kichwa chake kimefungwa kwenye bodi kwa nati tatu zinazofikiwa kutoka ndani ya gari, nyuma ya viti. Fikra hii ya nguzo ni ya Earle MacPherson, Mmarekani, aliyeiweka mbele ya gari. Aliyeipeleka nyuma ni Colin Chapman, Mwingereza mwenye kiwanda cha Lotus, katika magari yake, likiwamo lile aina ya Elite la mwaka 1957. Faida yake ni usahili, ila usahili huo una sharti lake. Katika magari yenye mikono miwili kila gurudumu, springi husimama mbali na gurudumu, kuelekea katikati ya mkono, hata gurudumu likipanda sentimita moja springi hubanwa pungufu ya hapo. Na kwa kuwa uwiano huo huhesabiwa kwa kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe, springi iliyo kwenye uwiano wa 0.7 hulifikishia gurudumu takriban nusu tu ya ugumu wake. Katika 240Z uwiano huo unakaribia moja kamili. Ugumu wa springi ndio ugumu wa gurudumu, na kosa la fundi, hata likiwa la milimita chache, halina mahali pa kupungukia njiani.

Nimeliandika hili kwa sababu ya gari moja la namna hiyo nililolikuta katika gereji ya Mombasa, ambalo mwenyewe alikuwa amekwisha kutiliwa springi mpya mahali pengine, zile nyembamba zenye kikalio cha hesi kinachopandishwa na kuteremshwa, kisha akaondoka na gari lililoinua kiuno, lenye kugonga nyuma katika kila tuta, na lililokata kona ya kushoto kwa tabia moja na ya kulia kwa tabia nyingine. Fundi mkuu wa gereji hiyo, mzee aliyeanza kazi hii katika ujana wake, hakulaumu mtu. Aliusukuma mkia wa gari chini kwa mikono yake miwili, akauachilia, akasikiliza, akausukuma tena. Ndipo akaagiza lipandishwe.

Kushusha struti katika gari hili ni kazi inayojulikana kwa tabu moja. Mkono wa chini hushikamana na mguu wa struti kwa pini moja ndefu ya chuma inayopita ndani ya mguu huo toka mwisho hadi mwisho, na pini hiyo, ikiisha kukaa miaka karibu na hewa ya chumvi, hushikwa na kutu hata ikawa kana kwamba imezaliwa humo. Wengi huipiga nyundo, na kichwa chake kikishatanuka haitoki tena ila kwa mashine ya kukandamiza. Na wapo waipigao bila hata kukumbuka kutoa kwanza kile kipini kidogo cha katikati kinachoifunga. Kijana msaidizi alikuwa amekwisha kuinua nyundo. Mzee akamwambia, "Iache, mwanangu, haina kosa," akafungua mkono wa chini upande wake wa ndani, unakoshikana na mwili wa gari, akakata mawasiliano ya breki na ekseli, akateremsha vyote pamoja, struti na mkono wake, pini ikabaki mahali pake. Kwa rai yangu huo ndio ustadi: kujua ni kiungo kipi hakihitaji kuguswa.

Kishindo cha kugonga kilipatikana upesi. Shokomzoba ya gari hili ni katriji inayoingizwa ndani ya bomba la struti na kubanwa kwa kifuniko cha hesi juu; na kwa kuwa katriji iliyonunuliwa ilikuwa fupi kidogo kuliko bomba, ilitakiwa iwekewe pete ya chuma chini yake ili kifuniko kiibane yenyewe, kisiishie kubana mdomo wa bomba. Pete haikuwekwa. Katriji ilikuwa ikicheza juu na chini, kadiri ya unene wa ukucha, na kila tuta lilikuwa nyundo. Mzee alichonga pete, akamimina mafuta kidogo ya injini ndani ya bomba kabla ya kuirudisha katriji, kwani mafuta hayo hujaza nafasi iliyo baina ya vyuma viwili na kuuchukua moto wa shokomzoba kuutoa nje, ambapo hewa tupu ingeuzuia.

La pili lilikuwa la springi zenyewe. Gari lilipopandishwa na magurudumu yakaning'inia, springi ya kulia ililegea hata ikaweza kuzungushwa kwa vidole, na ncha yake ilikuwa imepanda ukingo wa kikalio. Springi ngumu na fupi hubonyea kidogo chini ya uzito, kwa hiyo gurudumu likishuka shimoni huisha kunyooka kabla shokomzoba haijafika mwisho wa mwendo wake, ikabaki huru. Na gurudumu likirudi juu, yawezekana isirudi palepale. Dawa yake ni springi ndogo ya kusindikiza, dhaifu sana, ambayo chini ya uzito wa gari hulala bapa kabisa wala haiongezi kitu katika ugumu, bali gurudumu likining'inia huisukuma ile kubwa ikae kwenye kikalio chake. Nayo ikatiwa, kila upande moja.

Hapa yafaa nikae kidogo juu ya dhana ambayo nimeisikia katika gereji nyingi, kwamba kukipandisha kikalio cha hesi ni kuifanya springi iwe ngumu. Robert Hooke alikwisha kueleza mwaka 1678 kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya mzigo uliotwikwa, na mzigo hapa ni gari lenyewe. Tuseme kila upande wa nyuma, ukiacha uzito wa gurudumu na vilivyoshikana nalo, hubeba kilo 225, na springi ina ugumu wa kilo 3.5 kwa milimita: itabonyea milimita 64 hivi, nawe ukipandisha kikalio sentimita moja itabonyea milimita zile zile 64, isipokuwa kiuno cha gari kitainuka sentimita moja. Ugumu umo katika unene wa waya, upana wa koili na hesabu ya mizunguko, wala hakuna spana iwezayo kuvibadili. Aliyezifunga springi hizo mara ya kwanza aliona gari laini akapandisha vikalio, akaliona bado laini akavipandisha tena, na kumbe alichokuwa akikila ni mwendo wa kuteremka wa shokomzoba, hata gurudumu likapungukiwa na nafasi ya kulifuata shimo. Hilo ndilo kosa la tatu, na ndiyo asili ya kile kiuno kilichoinuka.

Lakini kosa lililonifanya nishike kalamu ni la nne, ambalo halionekani kwa jicho. Katika ncha zote za mkono wa chini mna bushi za mpira. Bushi ya namna hii haizunguki kama bawaba ya mlango: mpira wake umegandishwa kwenye mrija wa nje, na mrija wa ndani umebanwa na nati, hivyo mkono unapopanda na kushuka, kinachoruhusu mwendo ni mpira kujisokota. Maadamu ni hivyo, pale nati inapokazwa ndipo mpira unapojua kwamba hapa ndipo mahali pake pa kupumzika. Fundi akikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakiwa yananing'inia, ameuwekea mpira raha yake katika hali ambayo gari halitakuwa nayo barabarani. Mkono wenye urefu wa sentimita 38, tuseme, ukipanda sentimita 8 gari linapokaa chini, huusokota mpira huo takriban digrii 12, na humo katika msokoto utakaa mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa, ukiinua kiuno cha gari kwa nguvu isiyo ya springi, ukiipotosha hesabu yote ya urefu na ugumu, mpaka siku utakapopasuka. Kisha watu husema mipira ya siku hizi haina maisha.

Mzee alilithibitisha hilo kwa chaki. Alizifunga nati zote kwa mkono tu, zikalegea, akachora mstari mmoja juu ya kishikio cha bodi kinachoubana mrija wa ndani ukaendelea juu ya mkono wa chini. Gari likateremshwa, na mstari ukakatika vipande viwili vilivyopishana. Pengo lile baina ya vipande viwili vya chaki ndilo msokoto ambao mpira ulikuwa ukiubeba hapo awali.

Wala kuteremsha peke yake hakutoshi. Gurudumu la nyuma likishuka kutoka hewani hutua sehemu yake ya chini ikiwa imevutwa ndani, na tairi huishika sakafu isiliache likae sawa, gari likabaki juu kwa uongo. Kwa hiyo gari lilisukumwa mbele hatua kadhaa na nyuma hatua kadhaa, likatikiswa, likasukumwa tena, mpaka urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ukaacha kubadilika kati ya kipimo na kipimo. Ndipo, likiwa juu ya shimo la gereji, na gunia la mchanga lenye uzito wa dereva likiwa kitini, nati za bushi zikakazwa kwa spana ya kipimo, mzee akiwa chini shimoni na kijana akimsomea namba.

Ikabaki hesabu ya uzito. Vikalio vya pande mbili vilikuwa vimesawazishwa kwa kuhesabu hesi, kulia kumi na nne na kushoto kumi na nne, na mtu angedhani huo ni uadilifu. Lakini gari si sanduku tupu: dereva yuko upande mmoja, na bodi ya miaka hamsini haikunyooka kama siku ilipotoka kiwandani. Gari husimama kwa miguu minne kama kitanda, na kitanda kikiwa na mguu mmoja mrefu, mzigo huuelemea mguu huo na ule wa pembe ya pili, miwili iliyosalia ikawa ya kugusa tu. Fimbo inayozuia gari lisilale konani ilifunguliwa upande mmoja isije ikatia mkono wake katika mizani, sakafu ikasawazishwa kwa pima maji, mizani minne ikawekwa, na ikadhihirika kwamba pembe ya kushoto nyuma na ya kulia mbele zilibeba zaidi kuliko haki yao. Jambo linaloeleza vizuri kwa nini kona za pande mbili zilikuwa na tabia mbili. Kikalio cha kushoto kiliteremshwa hesi mbili, cha kulia kikapandishwa moja, gari likasukumwa tena mbele na nyuma, likapimwa tena. Na kwa kuwa urefu ulikuwa umebadilika, nati za bushi zikalegezwa na kukazwa upya, jambo ambalo kijana aliliona ni usumbufu, na mzee hakulijibu.

Jioni ilipoingia gari lilitolewa likapelekwa hadi Voi na kurudi. Asubuhi yake lilikuta futi ya mzee ikilingoja: nyuma kulikuwa kumeshuka milimita tatu kila upande, kama springi mpya zifanyavyo zinapojilaza, na mistari ya chaki, ile mipya aliyoichora baada ya kukaza, ilikuwa bado imeungana.